Neno la Asubuhi na Ujira wa Jioni

Tafakari ya kila siku ni ibada fupi inayounganisha andiko moja la Biblia na siku moja ya maisha. Kwa kawaida ina sehemu tatu: andiko lenyewe, maelezo mafupi na sala. Majina yake ni mengi. Wakatoliki huzungumzia masomo ya siku, Walutheri na Wamoravian neno la siku, na Waadventista wa Sabato hukusanyika kwa kesha la asubuhi. Hufanyika sebuleni kabla watoto hawajaenda shule, wodini wauguzi wanapopokezana zamu, ofisini kabla mlango wa wateja haujafunguliwa, na redioni watu wakiwa bado wanawasha jiko. Majina na mahali hutofautiana, lakini kipimo ni kimoja: andiko lililosomwa alfajiri limefanya kazi gani mpaka jua linapozama.

Agizo la kuishi na Neno kila siku limo ndani ya Biblia yenyewe. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, Waisraeli wanaagizwa kuyaweka maneno ya Mungu moyoni, kuwafundisha watoto wao, na kuyazungumza wakiwa wameketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Sehemu zinazotajwa hapo si za ibada peke yake. Ni nyumba, njia, kitanda na miimo ya mlango. Kitabu cha Kutoka, sura ya 16, kinasimulia jinsi mana ilivyookotwa kwa kadiri ya mahitaji ya siku. Aliyeilaza hadi kesho yake aliikuta imeoza na kuingia mabuu, isipokuwa ile iliyowekwa kwa ajili ya Sabato. Yesu naye, alipowafundisha wanafunzi wake kusali, aliweka ombi la riziki ya leo. Na katika Matendo ya Mitume, sura ya 17, watu wa Beroya wanasifiwa kwa sababu walilipokea neno kwa moyo, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama yale waliyohubiriwa na Paulo na Sila ni kweli. Kwa hiyo tafakari ina wajibu wa aina mbili tangu mwanzo: kulisha na kuchunguza. Ikikosa la kwanza huwa somo kavu; ikikosa la pili huwa maneno matamu tu.

Kanisa limepitia njia nyingi katika kuupa wajibu huo utaratibu. Katika karne ya 6, Kanuni ya Mtakatifu Benedikto iliwatengea watawa saa za kusoma kitakatifu kando ya saa za kazi za mikono, ili jembe na kitabu vikae katika siku moja. Katika karne ya 12, Guigo wa Pili, mkuu wa monasteri ya Grande Chartreuse nchini Ufaransa, alieleza ngazi yenye vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na hatimaye kutulia mbele za Mungu. Mpangilio huo bado unatumika katika mafungo na nyumba za malezi duniani kote.

Kwa upande wa Waprotestanti, tarehe inayokumbukwa ni 3 Mei 1728. Siku hiyo, katika kijiji cha Herrnhut, Saksonia, Nikolaus von Zinzendorf aliwapa waumini neno fupi la kushika siku iliyofuata, na ikawa desturi neno la siku kupelekwa nyumba kwa nyumba. Kitabu cha kwanza cha maneno ya mwaka mzima kilitoka kwa ajili ya mwaka 1731, na kimeendelea kutoka kila mwaka tangu hapo. Andiko la Agano la Kale hupatikana kwa kura, kisha andiko la Agano Jipya huchaguliwa liendane nalo. Wamisionari wa Moravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka katika kanisa lililokuwa limelelewa kwa desturi hiyo kwa zaidi ya miaka 150.

Kanisa Katoliki lilipanga upya masomo yake baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mwaka 1963 Mtaguso uliagiza waumini wafunguliwe hazina ya Biblia kwa upana zaidi, na mwaka 1969 ukatolewa mpangilio mpya wa masomo. Jumapili hufuata mzunguko wa miaka mitatu, yaani A, B na C, ambayo huongozwa na Injili za Mathayo, Marko na Luka. Siku za kawaida za juma, somo la kwanza hufuata mzunguko wa miaka miwili, na Injili hurudi ileile kila mwaka. Ndiyo maana parokia za Songea, Machakos na Bukavu, zilizo mbali kiasi hicho, zinaweza kusikia Injili moja asubuhi moja.

Redio nayo iliongeza jambo ambalo kitabu hakikuweza. Mwaka 1963 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilianzisha huko Addis Ababa kituo cha Sauti ya Injili, na vipindi vya Kiswahili viliandaliwa katika studio ya Moshi. Kituo cha Addis Ababa kilitaifishwa mwaka 1977, lakini njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Neno lilimfikia asiyejua kusoma, mgonjwa asiyeweza kwenda kanisani, mlinzi anayemaliza lindo, na mama ambaye mikono yake imeshika mwiko.

Katika taratibu hizo zote kuna jambo moja linalofanana, nalo ndilo lenye nguvu: msomaji hachagui andiko. Limekwisha kupangwa, iwe kwa kalenda, kwa kura au kwa ratiba ya kitabu. Mtu akiachiwa achague mwenyewe, kila siku atarudi kwenye kurasa anazozipenda. Mwenye hofu atasoma ahadi za ulinzi, mwenye biashara atasoma ahadi za baraka, na mwenye kinyongo atasoma maneno ya hukumu juu ya adui zake. Andiko lililopangwa humkuta mtu pale alipo, hata pale ambapo hakutaka kukutwa. Siku ya mavuno huweza kusomwa habari ya tajiri aliyebomoa ghala zake ili ajenge kubwa zaidi. Siku ya ugomvi wa ndugu huweza kusomwa habari ya kusamehe saba mara sabini. Huko si kupiga ramli, wala andiko halitabiri yatakayotukia siku hiyo. Linaielekeza siku jinsi ya kuenenda.

Kutoka kwenye andiko hadi kwenye maisha kuna hatua, na kuruka hatua moja huharibu tafakari nzima. Hatua ya kwanza ni kuuliza andiko lilisema nini pale liliposemwa mara ya kwanza: nani anasema, kwa nani, na kwa sababu gani. Ya pili ni kuuliza linafundisha nini juu ya Mungu. Ya tatu ni kutafuta mahali ambapo jambo hilohilo linaonekana leo. Ya nne ni kutaja tendo moja linaloweza kufanyika kabla ya siku kwisha. Padri Joseph Cardijn wa Ubelgiji aliwafundisha vijana wafanyakazi mpangilio unaokaribiana na huu, wa kuona, kuamua na kutenda, na Papa Yohane wa 23 aliupitisha katika waraka wake wa mwaka 1961. Huko Afrika Kusini, Taasisi ya Lumko ilitayarisha njia ya hatua saba za kushirikishana Injili, ambayo ilienea katika Jumuiya Ndogondogo za Kikristo. Jumuiya hizo ndizo ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika mkutano wao wa mwaka 1976. Hatua ya sita kati ya zile saba inaitaka jumuiya ijadili kazi inayotakiwa kufanywa: nani atakwenda kwa nani, lini, na kufanya nini.

Mfano mmoja unaonyesha jinsi hatua hizo zinavyofanya kazi. Katika kalenda ya Kikatoliki, Injili ya Mathayo, sura ya 20, mstari wa 1 hadi wa 16, husomwa Jumatano ya juma la 20 la mwaka, mara nyingi mwezi Agosti, na tena Jumapili ya 25 ya Mwaka A. Ni mfano wa mwenye shamba la mizabibu aliyetoka alfajiri kuajiri vibarua. Anapatana nao ujira wa denari moja, sarafu ya fedha ya Kirumi ambayo ndiyo ilikuwa malipo ya kawaida ya kibarua kwa siku. Anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja. Saa hizo zilihesabiwa tangu jua linapochomoza, kama zinavyohesabiwa katika Kiswahili mpaka leo, hivyo msikilizaji hahitaji kugeuza chochote. Saa tatu ni wakati wa chai, saa sita jua liko utosini, na saa kumi na moja watu wanafunga zana. Jioni wote wanalipwa, wa mwisho wakianza, na kila mmoja anapewa denari moja. Walioanza alfajiri wananung'unika kwamba wamestahimili joto la kutwa na sasa wanalinganishwa na waliofanya kazi saa moja. Mwenye shamba anajibu kwamba hakumdhulumu mtu, na anauliza kama wema wake ndio unaowatia husuda.

Lililosemwa pale kwanza ni hili. Petro alikuwa ameuliza, katika sura ya 19, wao walioacha yote watapata nini. Yesu alimwahidi thawabu, kisha akasema kwamba wa kwanza wengi watakuwa wa mwisho na wa mwisho watakuwa wa kwanza. Mfano wa shamba unafuata mara moja, na unafungwa kwa maneno yaleyale. Kwa hiyo habari hii inahusu kwanza neema. Mungu hatoi wokovu kwa kuhesabu saa za utumishi, na aliyechelewa kuitwa hapewi kipande. Tafakari inayokimbilia mishahara kabla ya kusema hivyo imemwacha Yesu nyuma. Mfano huu haukutolewa uwe kanuni ya kupanga viwango vya malipo kazini.

Lakini Yesu hakuokota picha hiyo hewani. Alisimulia jambo ambalo wasikilizaji wake walilijua kwa miili yao, na nyuma yake kuna sheria. Mambo ya Walawi, sura ya 19, inakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hadi asubuhi. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inaeleza sababu: kibarua ni maskini, na moyo wake umeutegemea ujira huo, hivyo alipwe siku hiyohiyo kabla jua halijachwa, asije akamlilia Bwana. Sheria hiyo inamlinda Mwisraeli na mgeni vilevile. Mwenye shamba katika mfano ni mkarimu kupita sheria, lakini kwanza ameitimiza: ilipofika jioni alimwita msimamizi wake akaagiza watu walipwe. Ukarimu wake umejengwa juu ya haki, haukuchukua nafasi yake.

Hapo ndipo andiko linapoingia mtaani. Katika miji ya Afrika Mashariki kuna sehemu zinazojulikana ambapo watu husimama alfajiri wakisubiri kazi ya kutwa: mafundi rangi na brashi zao, saidia fundi wa kuchanganya zege na kubeba matofali, vijana wa kupakua magari. Vijijini kuna wanaolima na kupalilia kwa ngwe. Majumbani kuna dada wa kazi, ambaye siku yake huanza kabla ya wengine kuamka na kwisha baada ya wengine kulala. Mtu aliyebaki kijiweni mpaka saa kumi na moja jioni si mvivu. Walioulizwa katika mfano kwa nini wamesimama kutwa walijibu kwamba hakuna aliyewaajiri, na mwenye shamba hakubishana nao. Watoto wa mtu huyo wanahitaji mlo uleule wa usiku kama watoto wa aliyeitwa alfajiri. Denari moja ilikuwa kipimo cha kazi, lakini pia ilikuwa kipimo cha chakula cha siku.

Kosa linalojulikana zaidi katika jambo hili halifanywi kwa ukatili. Hufanywa kwa kauli laini ya njoo kesho. Fundi anaambiwa hela bado haijaingia. Mpalilia anaambiwa mwenye shamba amesafiri. Dada wa kazi anaambiwa mshahara wake umewekwa tu, asije akautumia vibaya, na miezi inapita. Mithali, sura ya 3, inakataza kumwambia jirani aende na kurudi kesho wakati kile anachodai kipo mkononi. Nabii Yeremia, sura ya 22, alimkemea mfalme Yehoyakimu kwa kujijengea nyumba pana yenye mierezi na rangi nyekundu huku akiwatumikisha watu bila malipo. Akamkumbusha kwamba baba yake, Yosia, aliwapatia haki maskini na wahitaji, na kwamba huko ndiko kumjua Mungu. Yakobo, sura ya 5, anaandika kwamba ujira wa wavunaji uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimekwisha kufika masikioni mwa Bwana. Maandiko matatu, yaliyoandikwa kwa nyakati tofauti, yanasema neno moja. Kwa hiyo mwajiri anayeongoza ibada ya asubuhi sebuleni huku anadaiwa na aliyepika chai ya ibada hiyo anasoma andiko linalomhukumu kwa sauti yake mwenyewe.

Tendo la siku katika tafakari ya namna hii halihitaji kutafutwa mbali. Ni kumlipa kibarua jioni ileile, kwa kiasi kilichopatanwa. Tangu pesa zianze kutumwa kwa simu, Kenya kuanzia mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, kulipa huchukua dakika moja, na anayetenda haki huongeza na ya kutolea ili ujira ufike mzima. Kwa asiye mwajiri kuna tendo lingine: kuuchunguza moyo wake anapoona mwenzake amepata kile asichokitolea jasho sawa naye. Na kwa jumuiya kuna la tatu, kuwatafuta waliobaki bila kuitwa. Matendo hayo hayamgeuzi mtu kuwa mwenye haki mbele za Mungu. Yanaonyesha kwamba neema aliyoisikia asubuhi ameielewa.

Yapo makosa yanayodhoofisha tafakari, na yanafaa kutajwa. La kwanza ni kukata mstari kutoka mahali pake. Yeremia 29, mstari wa 11, wenye mawazo ya amani na tumaini, husomwa mara nyingi kama ahadi ya mafanikio ya haraka. Maneno hayo yamo katika barua kwa mateka waliokuwa Babeli. Mstari unaotangulia unawaambia kwamba miaka 70 itapita, na mistari ya juu inawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani na kuutakia amani mji wa waliowateka. Tumaini lake ni kubwa kwa sababu ni la uvumilivu. Vivyo hivyo Wafilipi 4, mstari wa 13, juu ya kuweza yote, ni kauli ya Paulo aliyefungwa, akieleza kwamba amejifunza kuridhika akiwa na njaa na akiwa ameshiba. Kosa la pili ni kulifanya andiko fimbo ya kumchapa mtu asiyekuwepo, au mafumbo ya kumlenga aliyepo. La tatu ni kumwambia maskini kwamba umaskini wake ni upungufu wa imani. Kauli hiyo inapingana na Ayubu, na Zaburi, na Yesu mwenyewe aliyekosa pa kulaza kichwa.

Kwa anayetayarisha tafakari ya redio, masharti huwa makali zaidi kwa sababu dakika ni chache na msikilizaji hawezi kurudisha ukurasa nyuma. Inafaa kitabu, sura na mstari vitajwe mwanzoni na kurudiwa mwishoni. Inafaa lichukuliwe wazo moja, si matatu, na tendo litajwe kwa maneno ya kazi, yaani lipa, omba radhi, tembelea, rudisha. Kwa kuwa redio husikika pia katika nyumba za Waislamu na za Wakristo wa madhehebu mengine, heshima kwa jirani ni sehemu ya ujumbe wenyewe. Anayesema Neno la Mungu kwa kumdharau msikilizaji mwingine amekwisha kulipinga kabla hajalimaliza.

Tafakari haikamiliki asubuhi. Yakobo, katika sura ya kwanza, anamfananisha msikiaji asiyetenda na mtu ajiangaliaye katika kioo, kisha akaenda zake akasahau mara alivyo. Kwa sababu hiyo Ignasi wa Loyola, aliyefariki mwaka 1556, aliwaagiza wanaofuata mazoezi yake ya kiroho wajichunguze dhamiri adhuhuri na tena usiku: kushukuru, kuomba mwanga, kuipitia siku saa kwa saa, kuomba msamaha, na kukusudia kurekebisha. Uchunguzi wa namna hiyo unaweza kufanywa na mtu yeyote kabla ya kulala, kwa maswali machache. Andiko la leo lilikuwa lipi? Lilitaka nini? Limefanyika au halijafanyika? Kama halijafanyika, limezuiwa na nini?

Aliyeshindwa hafungiwi mlango. Mathayo, sura ya 5, inamwelekeza anayekumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, hata akiwa tayari na sadaka madhabahuni, aiache pale, aende kwanza akapatane naye, kisha arudi kuitoa. Utaratibu huo unafaa pia kwa tafakari. Kama jioni mtu amegundua kwamba ujira wa mwenzake bado umelala kwake, kazi ya kesho alfajiri imejulikana: alipe kwanza, na baada ya hapo afungue Biblia kwa somo la siku mpya.